Jicho Likifuate Kirusi

Seli iliyoambukizwa kisha ikagandishwa haipendi safari. Lazima ibaki kwenye baridi kali kuliko nyuzi 140 chini ya sifuri, maana ikipata joto kidogo tu, maji yaliyomo ndani yake hujipanga kuwa chembe za barafu zinazochana kila kitu ambacho mtafiti alitaka kukiona. Husafirishwa ndani ya mtungi uliopozwa kwa nitrojeni ya kimiminika, na vibali vya mipakani vikiwa mkononi. Mara nyingi virusi vyake huwa vimeshauawa kwa kemikali, kwa sababu huko vinakokwenda hakuna chumba kinachoruhusiwa kupokea vijidudu hai vya hatari. Kwa anayetaka kuipiga eksirei seli nzima, bila kuikata, na kuona mpaka viungo vyake vya ndani, huko ni mahali pachache mno duniani: Berlin, Cerdanyola del Vallès karibu na Barcelona, Berkeley katika jimbo la California, Oxfordshire nchini Uingereza, na vituo vingine vichache vya Asia. Mtafiti huandika maombi, husubiri miezi, na akikubaliwa hupewa zamu ya siku chache. Seli zake zikigoma siku hizo, anarudi kwenye foleni.

Desturi hii ya kirusi kufunga safari kwenda kwenye mashine si ya leo. Septemba 1976 damu ya mtawa wa Kibelgiji aliyeugua ugonjwa usiojulikana huko Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, ilipandishwa ndege Kinshasa ndani ya chupa ya chai ya rangi ya buluu. Ilipofunguliwa Antwerp, barafu ilikuwa imeyeyuka na kichupa kimoja kati ya viwili kilikuwa kimevunjika. Chini ya hadubini ya elektroni yakaonekana maumbo marefu yaliyopinda kama minyoo. Sampuli zikaendelea na safari hadi Atlanta, Marekani, ambako mwezi Oktoba Frederick Murphy alipiga picha ya Ebola ambayo dunia nzima inaitambua. Zika nayo ilipatikana mwaka 1947 kwenye damu ya tumbili aliyewekwa juu ya mti katika msitu ulio karibu na Entebbe, lakini umbo lake la kina, chembe kwa chembe, lilichorwa mwaka 2016 katika Chuo Kikuu cha Purdue, jimbo la Indiana. Kati ya ugunduzi huo na mchoro huo ilipita miaka 69.

Hadubini ndogo za eksirei, ambazo maabara kadhaa za Ulaya zimekuwa zikizihangaikia tangu miaka ya 1990, zinataka kuigeuza safari hiyo. Lengo ni mashine inayoenea ndani ya chumba kimoja, katika jengo lilelile ambamo virusi vinakuzwa. Watangazaji wake hupenda kusema kwamba itatuonyesha virusi, na dai hilo nitalirudia baadaye, kwa sababu lina ukweli nusu. Kwanza sababu ya kuhangaika na eksirei.

Kila hadubini ina ukuta wake. Ile ya mwanga, inayokaa mezani katika kila zahanati yenye maabara, iliwekewa mpaka na Ernst Abbe mwaka 1873: vitu viwili vilivyokaribiana kuliko nanomita 200 hivi huonekana kitu kimoja, kwa kuwa wimbi lenyewe la mwanga ni pana mno. Milimita moja ina nanomita milioni moja. Kirusi cha korona kina upana wa kama nanomita 100, cha chikungunya, kilichotambuliwa kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 kwenye uwanda wa Makonde, hakizidi 70 hivi, na cha polio ni 30 tu. Zipo mbinu mpya za mwanga zinazouruka ukuta wa Abbe, ila huonyesha tu kile kilichopakwa rangi ya kung'aa, na vingine vyote hubaki gizani.

Hadubini ya elektroni, iliyoundwa Berlin na Max Knoll na Ernst Ruska mwaka 1931, iliona mbali zaidi. Kabla ya muongo huo kwisha, Helmut Ruska, mdogo wake Ernst aliyekuwa daktari, alikuwa ameshashiriki kupiga picha za kirusi kinachoshambulia majani ya tumbaku. Lakini elektroni hazina nguvu ya kupenya. Zikikutana na kitu chenye unene unaozidi nusu ya maikromita, picha inavurugika, na seli ya binadamu ina unene wa maikromita kadhaa. Basi seli hukaushwa, hutiwa madini mazito, huzamishwa ndani ya gundi na kukatwa vipande vyembamba. Siku hizi huweza pia kugandishwa na kuchongwa kwa miale ya ayoni mpaka kibaki kipande chembamba katikati. Kazi hiyo ni ya ustadi mkubwa na matunda yake yamestahili Tuzo ya Nobel zaidi ya mara moja. Hata hivyo, ukitaka kujua kirusi kimefanya nini katika seli nzima, kutoka ukuta wa nje hadi kwenye kiini, kipande kimoja kati ya makumi hakikutoshi.

Eksirei laini huingia hapo katikati. Hizi si zile za hospitalini zinazopita kwenye nyama na kusimamishwa na mfupa. Nishati yake ni ndogo kuliko zile kwa takribani mara mia, na milimita chache tu za hewa huzimeza, ndiyo maana mashine nzima lazima ifanye kazi ndani ya ombwe. Faida yake imo katika kipande kifupi cha mawimbi, kati ya nanomita 2.3 na 4.4. Humo kaboni hufyonza eksirei kwa nguvu, ilhali oksijeni, na kwa hiyo maji, huziacha zipite kwa urahisi. Wanafizikia hukiita kipande hicho dirisha la maji, na Mjerumani Hans Wolter alitambua thamani yake kwa hadubini tangu mwaka 1952. Seli ni maji kwa sehemu kubwa, na kilichobaki ni kaboni iliyojifunga katika mafuta, protini na asidi za urithi. Ukiimulika kupitia dirisha hilo, maji yanakuwa kama hayapo. Matone ya mafuta hutokea meusi, mitokondria huonekana na mikunjo yake, kiini hugawanyika katika sehemu zilizosongamana na zilizolegea, vyote bila rangi, bila madini, bila kisu.

Lipo na jambo jingine ambalo waandishi wengi hulipita, nami naliona zito kuliko urembo wa picha. Kiasi cha eksirei kinachofyonzwa hutegemea moja kwa moja kiasi cha kaboni kilichokutana nazo. Picha ya namna hii kwa hiyo ni mizani pia. Seli ikigeuzwa kidogo kidogo na kupigwa picha katika kila pembe, kisha kompyuta ikaziunganisha kama inavyofanya katika kipimo cha CT, mtafiti hupata umbo la pande tatu ambalo anaweza kulipima: mafuta haya ni mengi kiasi gani, kiini kimevimba kwa asilimia ngapi, malighafi imehama kutoka wapi kwenda wapi.

Kwa nini basi haikuenea miaka sabini iliyopita? Tatizo la kwanza ni lenzi. Kioo hakipindishi eksirei laini, huzimeza. Badala yake hutumika kibamba chembamba kilichochorwa mamia ya duara, moja ndani ya nyingine, zikizidi kuwa nyembamba kadiri zinavyokwenda ukingoni; duara ya mwisho ndiyo inayoamua udogo wa kitu kitakachoonekana, na huwa na upana wa nanomita 25 hadi 40 hivi. Günter Schmahl na wenzake wa Göttingen ndio walioonyesha katika miaka ya 1970 kwamba hadubini ya vibamba hivyo inawezekana. Kasoro yake ni ubahili: sehemu ndogo tu ya eksirei zinazoingia hufika kwenye picha.

Lenzi bahili inadai taa kali, na taa hiyo ndiyo iliyoifunga teknolojia hii ndani ya majengo makubwa. Katika sinkrotroni, elektroni huzungushwa kwa kasi inayokaribia ya mwanga, na kila zinapopindishwa na sumaku hutoa eksirei. Mzingo wa BESSY II ya Berlin ni mita 240, wa ALBA kule Cerdanyola kama mita 270, wa Diamond ya Oxfordshire mita 562. Mashine kama hizo hujengwa na serikali, si na idara ya chuo. Afrika haina hata moja, ingawa wanasayansi wa bara hili wanaosukuma mradi wa African Light Source walifanya mkutano wao wa kwanza mwaka 2015, na mahali walipokutania palikuwa Grenoble, Ufaransa, penye sinkrotroni ya Ulaya.

Hans Hertz na kundi lake katika chuo cha KTH, Stockholm, walichukua njia nyingine. Ukikipiga kitu kidogo kwa leza yenye mapigo mafupi na makali, hugeuka plazima, gesi yenye joto la ajabu ambamo atomi zimevuliwa elektroni zake, na plazima hiyo hutoa eksirei. Hilo lilijulikana. Kero ilikuwa uchafu: chuma kikipigwa hivyo hurusha vipande vinavyochafua vioo vya gharama vilivyo jirani. Hertz akaamua kupiga kimiminika. Bomba jembamba sana linachuruzisha mchirizi ndani ya ombwe, leza inaulenga mchirizi, na mabaki yanageuka mvuke na kunyonywa na pampu. Shabaha mpya inafika papo hapo, haiishi. Mwaka 2000 walitangaza hadubini yao ya kwanza, iliyotumia kimiminika chenye kaboni. Baadaye wakahamia nitrojeni, ambayo katika hali ya plazima hutoa wimbi la nanomita 2.48, ndani kabisa ya dirisha la maji.

Mchirizi huo, niongeze, uliwatoa jasho kwa miaka. Nitrojeni ikiwa kimiminika ndani ya ombwe hutaka kuchemka na kuganda kwa wakati mmoja. Ikitikisika kidogo tu leza inakosa shabaha na taa inapepesa. Sehemu kubwa ya historia ya hadubini ndogo haihusu virusi hata kidogo, inahusu watu wanaojaribu kuutuliza uzi wa kimiminika mwembamba kuliko unywele. Mwaka 2017 kundi la Stockholm liliripoti kwamba linaweza kupiga picha ya seli iliyogandishwa kwa sekunde 10. Kwenye sinkrotroni ni sekunde moja hivi au pungufu, lakini taa za zamani za maabara zilihitaji dakika kadhaa kwa kila picha, na umbo la pande tatu hudai makumi ya picha.

Dublin wameshika njia yao. Kampuni ya SiriusXT, iliyozaliwa katika chuo cha UCD, hutumia shabaha ya chuma, na ikatengeneza mashine ya kuuzwa, ambayo mtaalamu wa biolojia anaweza kuitumia bila kuwa fundi wa leza. Mwaka 2021 ulianza mradi wa CoCID, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, ukiwaleta pamoja wajenzi hao na wataalamu wa virusi wa Dublin, Heidelberg na Jyväskylä nchini Finland, pamoja na watu wa ALBA ambao wana uzoefu wa taa kubwa.

Sasa tulirudie lile dai la kuonyesha virusi. Mfano bora ninaoujua unatoka Stockholm, na unahusu kirusi kikubwa mno kinachoshambulia amiba. Kwa hadubini yao ya maabara, watafiti walipiga picha za amiba katika saa mbalimbali za maambukizi. Kuanzia saa ya 18 virusi vipya vilionekana kimoja kimoja ndani ya mwili wake, vikaongezeka mpaka amiba mmoja akabeba kati ya 280 na 660. Kwa kuwa picha ni mizani, waliweza pia kukadiria kwamba kati ya asilimia 6 na 12 ya kaboni ya amiba ilikuwa imegeuzwa kuwa virusi. Kwa muda mwingi wa maambukizi kiini cha amiba kilibaki kama kilivyokuwa, huku mabadiliko yakitokea kwenye vifuko vya kuyeyushia chakula na vya kutolea maji. Sijui njia nyingine ambayo ingetoa majibu yote hayo kutoka kwenye seli ileile.

Lakini kile ni kirusi kikubwa. Kirusi cha homa ya ini aina ya E kina upana wa nanomita 30 hivi, sawa na mpaka wa lenzi yenyewe, usitarajie kukiona. Zika na chikungunya vitakuwa vidoa visivyo na sura. Hata korona, ambayo kwa vipimo ingepasa kuonekana, hupotea kirahisi katikati ya vifuko vya seli vyenye ukubwa kama wake. Anayeambiwa kwamba mashine hii itampa picha yenye miiba ya kirusi, kama zile zilizojaa kwenye runinga mwaka 2020, anauziwa kazi ya hadubini ya elektroni.

Inachokiona vizuri ni nyumba baada ya mwizi kuingia: mlango upi umevunjwa, kabati gani limehamishwa, jikoni kumepikwa nini. Kwa tiba hilo mara nyingine ndilo la maana zaidi. Watafiti waliotumia sinkrotroni ya ALBA walichunguza seli zenye chembe za urithi za homa ya ini aina ya C zinazojizalisha ndani yake, na mwaka 2016 wakaripoti jinsi utando wa ndani wa seli na mitokondria vilivyoharibiwa. Wakazipa seli hizo dawa kama sofosbuvir na daclatasvir, na umbo lake likarudi karibu na la afya. Wengine, wakitumia Diamond, waliripoti mwaka 2022 kwamba seli zikiambukizwa malengelenge, mitokondria zake hurefuka na kujigawa matawi, na matone ya mafuta hukua kisha hupungua. Kule Berkeley, janga la korona lilipokuwa limepamba moto, seli nzima zilizoambukizwa zilipigwa picha za pande tatu, kila moja kwa dakika zisizozidi kumi. Kazi zote tatu zilitumia taa kubwa. Ahadi ya mashine ndogo ni kwamba kazi ya aina hiyo ifanyike Jumanne yoyote, irudiwe Jumatano kwa dawa nyingine, na irudiwe tena mwezi ujao matokeo yakitia shaka. Mwanabiolojia hujifunza kwa kurudia, na zamu za siku chache kwa mwaka hazimpi nafasi hiyo.

Kwa hospitali haina kazi. Kumjua mgonjwa kuna PCR na vipimo vya haraka, na mashine hii haitavipunguza hata kimoja. Nalisema kwa sababu vifaa ghali vya kisayansi vikifika kwetu huwa vinapigiwa debe kuwa vitatibu watu, kisha hubaki vimefunikwa turubai.

Mahali ambapo ingefaa tunapo. Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda huko Entebbe, na taasisi za utafiti KEMRI nchini Kenya na INRB ya Kinshasa, zina maabara za usalama wa kiwango cha 3 na watu waliokutana na Ebola, Marburg na homa ya Bonde la Ufa vilipozuka. Seli ikiambukizwa na kugandishwa katika chumba kimoja, ikapigwa picha katika cha pili, hakuna mtungi wa kupeleka uwanja wa ndege. Nitrojeni ya kimiminika si kitu kigeni: kituo cha taifa cha uhimilishaji kule Usa River, Arusha, huhifadhi mbegu za madume ya ng'ombe ndani yake, na mitungi yake hufika hadi kwa wafugaji. Umeme usiokatika ni gharama, lakini maabara hizo tayari huishi na jenereta.

Ugumu uko kwenye vipuri. Kibamba cha lenzi huchorwa kwa miale ya elektroni ndani ya vyumba visivyo na vumbi, na wanaoweza kukichora kwa ustadi unaotakiwa ni wachache hata Ulaya. Kioo kinachokusanya eksirei katika mashine ya Stockholm kina mamia ya matabaka ya metali, kila moja nene nanomita moja tu au pungufu, na huchakaa. Leza hupoteza mpangilio. Chuo kinachonunua hadubini ya namna hii hununua pia miaka ya mkataba wa matengenezo na mafundi wawili watatu wa kuajiriwa moja kwa moja, na fungu hilo mara nyingi ndilo linalokosekana kwenye maombi ya ufadhili.